Jumamosi Hii Mgeni ni Mimi

Mpendwa Baba Koku,

Jumamosi hii saa nne asubuhi nitapanda zile ngazi za studio pale Miembeni, nitakipita kiti chako, nitakaa kwenye kile cha ng'ambo ya meza, cha mgeni. Sitakuwa nimekuja kukusomea. Nitakuwa nimekuja kuhojiwa, mimi mke wako, kama mwandishi wa mchezo wa kuigiza. Watu wa mikoa mingine husema sisi Wahaya tuna majivuno. Wiki hii nawaachia waseme watakavyo, maana yamenijaa pomoni na sina mahali pa kuyaficha.

Lakini kuna jambo nilikuficha wewe, na siwezi kwenda kulisema mbele ya Kagera nzima kabla sijakuambia. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua hii naiacha wazi ili na wasikilizaji wako waisome, kwa sababu kosa lenyewe lilizaliwa ndani ya kipindi chao.

Unakumbuka ulivyoanza? Ulikuwa umestaafu kufundisha fasihi, umekaa nyumbani Kahororo mwezi mmoja tu, tayari umeanza kusahihisha Kiswahili cha matangazo ya misa. Redio walipokuita uendeshe kipindi cha kuzungumza na waandishi na watu wa jukwaani, nilishukuru kwa niaba ya parokia. Nilikuuliza nani atakaa Jumamosi asubuhi kusikiliza habari za vitabu wakati watu wanakwenda sokoni. Ukanijibu, "Hawana haja ya kukaa. Watasikiliza wakitembea." Na kweli, miaka miwili baadaye nilikuwa nanunua senene, panzi wetu wa kukaanga, sokoni, muuzaji akanyamaza katikati ya bei, akaniambia nisubiri kidogo, Mwalimu anamuuliza mwandishi swali. Nilisubiri. Sikumwambia kwamba Mwalimu huyo asubuhi ile amevaa soksi nilizomchagulia mimi.

Kisha macho yako yakaanza kuondoka. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba tumechelewa. Ulianza kwa kusogeza kitabu karibu na dirisha, ukamalizia kwa kukiweka mapajani na kukipapasa jalada. Siku ulipokubali kwamba huoni tena hata vichwa vya habari, hukulia. Ulisema, "Wakijua, watanipa saa ya ukutani na kuniaga." Nilijua unachoogopa. Mtu aliyeishi maisha yake yote kwenye vitabu, ukimwondoa kwenye vitabu umembakishia nini? Nikakuambia lete hicho kitabu.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kukusomea. Kila alasiri, nikishatoka shambani na kunawa miguu, tulikaa baraza ya nyuma inayotazama migomba. Mimi nilisoma, wewe ulipukuchua maharage kwa vidole, na ukitaka nirudie sentensi uliinua ganda juu. Siku mwandishi akiandika vizuri, maharage ya jioni yalichelewa. Nilikutajia na namba za kurasa, nawe ulizihifadhi zote. Ukiwa hewani ulikishika kitabu kimefungwa, ukamwambia mwandishi, "Ukurasa wa arobaini na mbili, karibu na mwisho, umemwacha yule mama mlangoni. Kwa nini hukumwingiza ndani?" Mwandishi alibaki mdomo wazi. Wasikilizaji walipiga simu kusema Mwalimu ana kichwa, hasomi hata karatasi. Na mimi nilikuwa sokoni, karibu na redio ya muuza senene, nikitabasamu na kikapu mkononi. Nilijivuna kimya kimya, na kujivuna kimya ni kazi ngumu sana kwa mtu wa kwetu.

Nje ya nyumba yetu, aliyejua siri yetu alikuwa Jovin peke yake, fundi mitambo wa studio, aliyekushika kiwiko na kukufikisha kwenye kiti kama vile mna mazungumzo ya watu wawili. Mimi nilikusindikiza hadi juu ya ngazi kila Jumamosi, nikisingizia kwamba napitia sokoni. Watu wakasema nina wivu, namlinda mzee wangu asiibiwe na watangazaji wasichana. Niliwaacha waamini hivyo. Nilikuwa nimebeba mkobani akamwani ya wageni wako, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo kwetu mgeni hutafuna kabla ya neno lolote la maana. Hukukubali kumhoji mtu ambaye hajatafuna. Yule mshairi aliyetoka Dar es Salaam alizimeza na maji kama vidonge, ukamwonea huruma ukampa nyingine.

Sasa nije kwenye sura ya saba. Najua unacheka.

Kitabu kilikuwa cha yule kijana wa Mwanza, riwaya nene kuhusu bwana na bibi harusi. Wiki hiyohiyo baba yako alikuja kutoka Muleba kwa ajili ya kliniki yake ya miguu, akakaa kwetu siku sita. Mkwe mwanamke kwetu hakai chumba kimoja na baba mkwe, wala hamwangalii usoni, na mimi desturi hiyo niliishika tangu siku niliyoletwa. Nilimpelekea chakula kwa mkono wa binti yetu Koku. Kwa hiyo tulihamia chumba chetu cha nyuma kusoma, naye akawa anaota jua barazani, upande wa pili wa dirisha. Miguu ya mzee ilikuwa imechoka lakini masikio yake yalikuwa ya kijana.

Nikamaliza sura ya sita vizuri. Nikafungua ya saba, nikaona maharusi wamefunga mlango. Nikasoma mistari miwili kwa macho tu. Mwandishi yule hakuruhusu hata taa izimwe. Nikasikia baba mkwe anakohoa barazani, nikahisi damu yote imenipanda usoni. Nikageuza kurasa kumi na nne kwa pamoja, nikasema kwa sauti kavu, "Sura ya nane." Niliahidi moyoni kwamba mzee akiondoka nitarudi nyuma. Mzee aliondoka, migomba ikahitaji kupogolewa, ubatizo wa mtoto wa jirani ukaingia, nami nikasahau kabisa.

Jumamosi ikafika. Nilikuwa nakusikiliza nikiwa nyumbani, maana siku ile Koku ndiye aliyekusindikiza. Mazungumzo yalikuwa yanakwenda vizuri mno. Kisha yule kijana akasema, "Mwalimu, kusema kweli sura ya saba ndiyo iliyonitesa. Niliiandika mara tisa. Nimekuwa nangoja mtu mmoja tu anieleze ameionaje, na nilipojua nakuja kwako nikasema ni wewe."

Nilikaa chini sakafuni. Redio ilinyamaza. Kwa mtu aliye hewani kimya cha namna ile ni kirefu kama foleni ya hospitali. Nilijua ungeweza kujiokoa. Ungeweza kusema ni sura nzuri, ina uzito wake, ukahamia swali lingine. Watangazaji wangapi wanaishi hivyo na mishahara yao wanalipwa?

Ukasema, "Sijaisoma, mwanangu. Mimi sioni kusoma, huu ni mwaka wa pili. Mke wangu ndiye anayenisomea vitabu vyote mnavyonisikia nikivizungumzia hapa. Sura ya saba hakunisomea." Ukaongeza, "Nadhani najua sababu. Wiki ile baba yangu alikuwa nyumbani."

Nilimsikia Jovin akicheka ndani ya kipaza sauti, kosa ambalo hajawahi kulirudia. Kijana wa Mwanza naye akacheka mpaka akaomba maji. Simu zikaanza kuingia. Watu walikuwa wanavunjika mbavu toka Bukoba hadi Muleba, na kabla kipindi hakijaisha baba yako mwenyewe akawa amemwagiza mtu apige. Ujumbe wake ulisomwa hewani: "Mwambieni mkwe wangu mimi nimesharudi kwangu. Sasa asome."

Uliporudi nyumbani nilikupokea mlangoni. Nilidhani utanicheka, maana mji mzima ulikuwa unacheka. Hukucheka. Ulikaa ukaniomba nikae, ukaniambia kwa upole uleule uliozungumza nao na wanafunzi wako waliofeli, "Mama Koku, aibu ya leo si kitu. Lakini nimevuka shimo bila kujua lipo. Macho yangu ni wewe. Usinichagulie cha kusikia." Hayo tu. Niliumia kuliko kama ungenigombeza. Nikakuapia kwamba kuanzia siku ile nitakusomea kilichoandikwa kama kilivyoandikwa, na sitakuficha tena kitu chochote cha kusoma. Tukaanza na sura ya saba, madirisha yamefungwa. Uliinua ganda mara tatu. Nilirudia mara mbili, ya tatu nikakataa.

Jumatatu meneja alikuita. Nilivaa gomesi langu la sikukuu nikaenda nawe, tayari kubeba hiyo saa ya ukutani nyumbani. Meneja alikuwa mtu mwema lakini mwenye mashaka. Alisema redio haiwezi kuwa na mtangazaji anayeongozwa. Ukamjibu kwamba redio yake ni kitu cha masikio, na masikio yako hayajastaafu. Akauliza, "Na kitabu kikihitaji kusomwa hewani?" Ukanielekezea kidole, ukakosea kidogo, ukalielekezea kabati. Nikasogea nikasimama mbele ya kabati ili usiwe umekosea. Meneja aliliona hilo. Akasema tujaribu mwezi mmoja.

Mwezi mmoja ule ulikuwa miaka mitano. Nilipewa kiti kando yako na ukurasa mmoja wa kusoma kila Jumamosi, ukurasa uliouchagua wewe. Mwanzoni nilisoma kama mtu anayetangaza michango ya kanisani. Wewe ndiye uliyenifundisha kumwacha mhusika aseme mwenyewe. Ulinigusa mguu chini ya meza kila nilipokimbia.

Nakumbuka hasa wale wasanii wa jukwaani waliotoka kisiwa cha Bumbire. Walikuja sita, wamevuka ziwa tangu alfajiri, nguo bado zina unyevu. Mchezo wao ulihusu wavuvi na wake zao wanaobaki. Ulimwomba dada aliyekuwa kiongozi wao aigize kipande kimoja papo hapo. Akakataa kwa heshima. "Waitu Mwalimu, mimi nimezoea watu. Hapa nicheze mbele ya nani?" Ukamwambia, "Mbele yangu. Mimi sikuoni, na walioko majumbani hawakuoni. Nifanye nikuone." Yule dada alivua viatu. Alisimama katikati ya studio ile ndogo, akaigiza mama anayeita jina la mumewe ufukweni, na aliposhusha sauti kwa mara ya mwisho, Jovin aliacha mitambo akageukia ukutani. Wewe ulikuwa umemwelekea yule dada sawasawa, machozi yanakutoka bila haya. Nikajivunia wewe kuliko siku tuliyofunga ndoa, na siku ya ndoa ulipendeza sana.

Sasa ndipo dhambi yangu inapoanzia. Siku ile nilitoka studio nimechukua kitu. Usiku sikuwaza mchezo wao, niliwaza wangu. Asubuhi nilinunua daftari la kurasa mia mbili, nikaliweka chini ya kikapu cha mbegu, mahali ambapo mkono wako haukufika. Niliandika kwenye migomba, nimekalia magome makavu, kila nilipokuambia nakwenda kupogoa. Hukuona ajabu kwamba shamba lilikuwa likipogolewa mara nne kwa wiki? Niliandika kuhusu binti aliyebaki kwenye kibanja cha baba yake baada ya msiba, na kaka zake waliotoka mjini kuja kugawana migomba ambayo hawajawahi kuimwagia hata samadi. Ni mambo ya kwetu, kila mtu anayajua. Lakini nilipokuwa nayaandika nilihisi kama hakuna aliyewahi kuyasema.

Mchezo ulipoisha sikuwa na mtu wa kumsomea ila wewe. Na nilikuogopa. Nilikuwa nimekusikia ukiwauliza waandishi maswali kwa miaka, nilijua unavyoukata mti unaoonekana mzima na kuonyesha pale ulipooza. Kama ungejua ni wangu, ungenihurumia, na huruma yako nisingeitaka. Kwa hiyo nilikuambia hivi: kuna mchezo umeletwa studio, hauna jina la mwandishi, umeandikwa kwa mkono. Nilikuapia sitakuchagulia cha kusikia, na kweli sikuruka neno. Niliruka jina tu. Najua hilo ndilo neno lililokuwa kubwa kuliko yote.

Tulisoma kwa siku tatu. Siku ya kwanza maharage yalipukuchuliwa yote, nikajua nimeshindwa. Siku ya pili uliinua ganda pale binti anapowajibu kaka zake, "Hesabuni migomba, mimi mmenikuta." Nikarudia. Ukaliinua tena. Siku ya tatu nilipomaliza, kuku walikuwa wameanza kupanda kulala. Kisha ukasema, "Mtafute huyu mwandishi. Nataka nimhoji."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Badala yake nikajibu, "Nitamtafuta." Wiki iliyofuata ukauliza amepatikana? Nikasema bado. Ukawa unauliza kila Jumamosi tukiwa njiani kurudi, nami najibu hajapatikana, na kila nikijibu jambo linazidi kuwa gumu. Nilijiambia nitakuambia Pasaka. Kabla ya Pasaka ukaugua kifua, ukalazwa, na mle wodini uliuliza mara moja tu. Nikakujibu hajapatikana. Ulinishika mkono ukasema, "Haidhuru. Atakuja mwenyewe." Tulikuzika Muleba, kwenye kibanja cha baba yako, mvua za masika zikinyesha, na wale wasanii wa Bumbire walivuka tena ziwa kuja kukuimbia. Baba yako, aliyekula chumvi nyingi kuliko sote, alisimama mbele ya watu wote akasema mkwe wake ndiye aliyekuwa macho ya mwanawe. Nilitamani ardhi inifunike pamoja nawe, kwa sababu nilijua macho yale yalikudanganya.

Kipindi chako sasa anacho Advera, yule msichana uliyekuwa ukimsifia kwamba anajua kunyamaza. Wiki iliyopita alinipigia simu. "Mama, Jumamosi ijayo uje. Si kusoma ukurasa. Uje kama mgeni, tuzungumze kuhusu mchezo wako."

Nikamuuliza mchezo gani. Akasema, "Wa binti na kibanja, mama." Nikamuuliza nani kamwambia nina mchezo, maana daftari lilikuwa bado chini ya kikapu cha mbegu na hata Koku alikuwa hajui. Akasema niende nimwone Jovin.

Nilimkuta Jovin amejaa nyaya mikononi. Aliziweka chini, akafuta mikono kwenye suruali. Aliniambia kwamba wiki moja baada ya sisi kumaliza kuusoma ule mchezo, ulimwomba akurekodi peke yako, mimi nikiwa nimeshuka sokoni. Alikuuliza umejuaje kwamba ni wangu. Ukamwambia, "Akisoma cha watu, mwisho wa mstari husita kidogo, anautafuta unaofuata. Huu hakuutafuta hata mstari mmoja." Ulimwapisha asiniambie mpaka mwaka upite tangu siku utakapoacha kuuliza.

Baba Koku, ulijua. Kila Jumamosi njiani uliponiuliza amepatikana, ulikuwa unanifungulia mlango, nami nikaufunga kwa adabu. Nimelia kwa siku mbili, kisha nikaanza kucheka peke yangu shambani. Nimeolewa na mtu hodari kiasi gani. Na sasa naweza kulisema lile ambalo sikuthubutu kulisema ulipokuwa hai: mchezo wangu ni mzuri. Uliomba ule mstari urudiwe mara mbili ukijua kabisa ni wangu, na wewe hukuwa mtu wa kumpendelea mkeo kwenye fasihi. Nimelitoa daftari chini ya kikapu nikawapa wasanii wa Bumbire, sasa wanaufanyia mazoezi, na yule dada aliyevua viatu ndiye binti.

Alichorekodi Jovin ni maswali yako kwangu. Yapo kumi na moja. Jumamosi Advera atakaa kimya, Jovin atayafungulia moja baada ya jingine, na wewe ndiye utakayenihoji. Jovin alitaka kunisikilizisha kabla, nikamkatalia, maana hukuwahi kumpa mgeni yeyote maswali mapema na sitaki watu waseme nimependelewa. Lakini Jovin ni Jovin. Nilipokuwa nashuka ngazi alinifuata akaninong'oneza la kwanza.

Umeuliza, "Mama Koku, ulimwogopa nani, msikilizaji wako au mume wako?"

Nimebakiwa na siku tatu za kutafuta jibu. Lala salama, Mwalimu. Tukutane hewani.

Mke wako na macho yako,
Mama Koku